Taa Iliyokuwa Kichwani pa Baba

Mimi ni Mhindi wa Meru. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua swali litakuja, limekuja maisha yangu yote: "Na kwenu ni wapi hasa?" Kwetu hasa ni nyuma ya soko la Gakoromone, kwenye nyumba ya mawe yenye duka mbele na mkarakara uliotambaa juu ya ukuta. Nilizaliwa pale, miaka michache baada ya uhuru. Kimeru nakijua mpaka matusi yake, na mwenye shaka ajaribu kunipunja viazi sokoni, atayasikia.

Swali la pili huwa ni la taa. Kila jioni, jua likianza kushuka, mimi huwasha taa ndogo ya udongo mbele ya picha za miungu wetu, naitoa mpaka mlangoni, kisha nairudisha mahali pake. Kazi hiyo niliirithi nikiwa mtoto wa shule, mama yangu alipofariki. Na tangu hapo nimesikia kila aina ya upuuzi. Kwamba nafuga majini. Kwamba taa ile ndiyo inayotuvutia wateja. Mhubiri mmoja wa sokoni, mwenye kipaza sauti kinachokoroma, alisimama mbele ya duka letu wiki nzima akikemea moto wa kigeni. Baba akampelekea kiti akae, maana miguu yake ilikuwa imevimba. Mimi ningempelekea ndoo ya maji baridi, na si ya kunywa.

Basi nieleze mara moja, halafu nisiulizwe tena.

Baba alinifundisha akiwa amekaa juu ya gunia la mchele, mimi nikisokota tambi za pamba kwa viganja. Udongo wa taa, alisema, ni mwili, umetoka ardhini na utarudi huko huko. Mafuta ni yale yote tunayoyatamani, mapenzi na hasira na uroho, nayo yamejaa humo tele. Utambi ni "mimi", yule mimi anayesema mimi, mimi, kutwa nzima. Ukiuwasha, mafuta yanapungua kidogo kidogo, utambi nao unakwisha, na katika kukwisha huko ndimo unamotoka mwanga. Utambi usiokubali kuungua unabaki tu umelowa mafuta, hauna faida kwa mtu. Na mwali, hata ukiilaza taa, hata ukiipindua, wenyewe hupanda juu tu. Mwanga ule ni utambuzi unaofukuza ujinga, na ni Mungu mwenyewe, naye yumo ndani ya kila kiumbe.

"Hata ndani ya yule mhubiri?" nikamuuliza.

"Yule hasa," baba akasema. "Ndiyo maana anapiga kelele. Mwanga unamuunguza."

Sikukubali, na mpaka leo sijakubali vizuri.

Kulikuwa na miiko. Taa haipulizwi kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina mate, na mgeni unayemheshimu huwezi kumtemea mate. Ukitaka kuizima, unauvuta utambi ndani ya mafuta kwa kijiti, au unaiacha imalize yenyewe. Utambi hutazama mashariki au kaskazini. Kusini hatuuelekezi, kusini ni upande wa wafu. Na liko jambo nililolipenda kuliko yote: moto ukiugawa haupungui. Sikukuu ya Diwali tulipanga taa kwenye ngazi za duka, zikafika hata ukingoni mwa barabara, na zote ziliwashwa kutoka kwa ile moja ya ndani. Baba alikuwa akiniuliza, "Haya, mwali wa kwanza ni upi?" Mimi nikinyoosha kidole, yeye anacheka. "Mwali ni ule ule, dikri." Dikri ni binti, kwa Kigujarati chetu cha nyumbani.

Na usidhani vitu hivyo vilitoka Bara Hindi. Taa tulizinunua kwa mama mmoja mfinyanzi wa Ishiara, kule chini Mbeere, aliyezifinyanga pamoja na vyungu vyake akazianika mbele ya kibanda. Pamba ya tambi ilitoka kwa wakulima wa huko huko. Tukikosa samli tulitumia mafuta ya mbarika, yale yale ambayo nyanya wa Kimeru walijipaka mwilini zamani. Safari moja tulifika mpaka Kiambere, baba akanionyesha nyaya za stima zikitoka kwenye bwawa na kupita juu ya nyumba za watu kuelekea mbali, na ndani ya nyumba hizo watu wanasomea koroboi. Baba alikuwa mpole, lakini siku hiyo alikasirika mpaka akashindwa kula. Mwanga unazaliwa kwao, alisema, halafu wenyewe unawaruka.

Kaka yangu alikwenda Uingereza kusoma, akakaa huko huko. Wengi wa jamaa yetu waliondoka miaka ile ya sabini, wakafunga maduka wakaenda. Baba alibaki, na mimi nikabaki naye. Sikuolewa, na hilo nalo wanapenda kuniuliza, na hilo silijibu ng'o.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa Kimeru, mjane, muuza maharagwe pale Gakoromone na kiongozi wa chama cha kina mama kanisani kwao. Aliniita mwari, ndiyo binti kwa Kimeru, nami nikamwita mama tu. Si kwamba aliipenda taa yetu. "Mwari, hiyo kitu yenu itachoma nyumba siku moja," alikuwa akiniambia, na kesho yake anarudia. Lakini aliyegombana nasi aligombana naye kwanza. Yule mhubiri hatimaye alihamia upande wa pili wa soko kwa sababu yake, na si kwa sababu ya kiti cha baba.

Baba aliugua moyo katika miaka ya tisini, mimi nikiwa nimeshavuka umri wa kuitwa msichana. Daktari alituambia waziwazi kwamba tumrudishe nyumbani akapumzike. Jioni moja, nilipokwisha kuwasha taa, aliniita niisogeze karibu na kitanda.

"Wewe ndiye umeniwashia taa miaka yote hii," akasema. "Na mimi utaniwasha wewe."

Nilimwelewa vizuri sana. Kwetu maiti huchomwa, na moto wa kuchomea hautoki popote tu. Mtu akikata roho, taa ya samli inawekwa kichwani pake, utambi ukitazama kusini, nayo isizimike mpaka anapotolewa nyumbani. Kutoka kwa taa hiyo unawashwa moto ndani ya chungu. Mwana wa kiume anakibeba chungu mbele ya jeneza, na kwa moto huo anamwasha baba yake. Mwana wa kiume. Wanawake wa jamaa yetu hawakufika hata mahali penyewe. Walibaki nyumbani wakilia na kusugua sakafu.

"Kaka yuko Uingereza, baba."

"Najua aliko. Nimekwambia wewe. Sema ndiyo nisikie."

Nikasema ndiyo.

Alifariki asubuhi ya mvua ile nyembamba ya Meru, isiyonyesha wala isiyoacha. Nilimlaza sakafuni juu ya mkeka, kama inavyotakiwa, nikaweka taa kichwani pake, nikaugeuza utambi kusini. Kuugeuza vile kuliniuma kuliko kumfunga macho. Mkono wangu ulikuwa umezoea upande mwingine maisha yote.

Nikagonga ukuta. Jirani alikuja na wanawake wenzake wa kanisa, wakajaza ua. Kwetu jiko la nyumba yenye msiba haliwashwi mpaka marehemu atoke, na yeye alilijua hilo tangu msiba wa mama yangu. Basi akapanga mafiga matatu nje, chini ya mabati ya nyuma, awapikie watu chai na maharagwe. Kiberiti chake kilikuwa kimelowa. Akaingia ndani ameshika gunzi la mahindi, akatazama huku na huku, akaiona taa kichwani pa baba. Akainama, akasema "Pole, mzee," akaliwasha gunzi kwa mwali ule, akalikinga kwa kiganja, akatoka nalo nje.

Nilimwona na sikumzuia. Milimani huku kuomba moto kwa jirani ni jambo la kila siku, na mimi sikuona kwa nini kifo kimfanye baba awe mchoyo.

Saa nne hivi wakafika wanaume wa jamaa yetu, wengine wa hapa mjini, wengine kutoka Embu pamoja na kuhani. Aliyewaongoza ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wahindu, mzee mwenye duka la mabati na misumari, ambaye kwa heshima nilimwita baba mkubwa. Nyuma yake alikuja mpwa wake, mwanamume mzima mwenye kazi benki, tayari amevaa nguo nyeupe za mfiwa. Nikamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu.

"Zungumza na kaka yako," mwenyekiti akasema. "Yuko kwenye simu."

Nikaenda dukani kwenye simu. Kaka alikuwa akilia, na nilimhurumia, mpaka alipoanza kusema. Ndege haiwezekani. Mpwa wa mwenyekiti atashika chungu kwa niaba yake, wameshakubaliana.

"Baba aliniambia mimi," nikasema.

"Wagonjwa husema mengi. Tafadhali, usituletee aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yetu."

"Wewe uko huko, mimi niko hapa na maiti. Hiyo 'yetu' iko wapi?" Nikakata simu.

Niliporudi chumbani, mvua ilikuwa imekatika na jua limeingia dirishani. Jirani alikuwa ameshika kitambaa, anafuta vumbi kwenye kizingiti cha dirisha. Kichwani pa baba kulikuwa na uzi mwembamba wa moshi.

"Nimezima, mwari," akaniambia kwa upole. "Jua imetoka, si unaona? Inachoma samli ya bure."

Aliipuliza. Fuu, kwa mdomo, kama anavyopuliza koroboi yake kila asubuhi.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulijikunja. Lakini nilimjua mama yule. Alikulia kwenye nyumba ambamo mafuta ya taa yalipimwa kwa kizibo cha chupa, na mtoto aliyeacha koroboi ikiwaka mchana alichapwa. Alikuwa anatutunzia nyumba, anatutunzia samli, anamfanyia baba yangu vile ambavyo angemfanyia wake. Hakuna Mhindi ambaye angeweza kufanya kosa lile, na hakuna mama wa Kimeru ambaye asingelifanya.

Mwenyekiti alikuwa mlangoni. Alikuwa ameona.

"Basi," akasema kwa lugha yetu. "Yamekwisha. Taa ya maiti imezimika maiti akiwa ndani. Haya ndiyo matokeo ya kumwachia mwanamke." Akatoa kiberiti mfukoni, akamwita mpwa wake. "Lete chungu. Tutawasha upya, wewe utabeba."

Jirani hakuelewa maneno, ila uso wa mtu hauhitaji mkalimani. Akanivuta mkono. Nikamweleza kwa Kimeru, haraka haraka: taa hii haikutakiwa kuzimika, baba alikuwa aende na moto huu, na mimi nilikuwa nimuwashe. Akaweka mikono kichwani.

"Uuui! Mwari, nimekufanyia nini? Nimekufanyia nini mimi?"

Alikaa chini sakafuni, mama mzima wa kanisa, akaanza kulia kwa sauti. Nikamtazama, na hapo nikakumbuka gunzi la mahindi.

"Mama, moto wako wa nje ungali unawaka?"

"Unawaka. Maharagwe bado hayajaiva."

"Uliuwasha na nini?"

Akautazama ule utambi mweusi, akanitazama mimi. Akainuka bila hata kufuta machozi, akasema, "Lete hiyo chungu."

Tukatoka nje mimi naye. Chungu kilikuwa kipya, cha yule mfinyanzi wa Ishiara, nilikuwa nimekinunua baba alipoanza kuzidiwa, nikakificha chini ya kitanda kwa hofu ya kukitazama. Jirani akavuta kinga moja ya moto, ukuni wa mti wa mkima, kutoka kwenye mafiga, akalipasua kaa jekundu kwa kisu, akaanza kuniwekea makaa ndani ya chungu. Wanawake wa kanisa wakasogea kando. Mwenyekiti akatufuata mbio, kilemba kimelegea.

"Unafanya nini? Huo ni moto wa jikoni!"

"Ni moto wa taa ya baba," nikasema. "Ulitoka kichwani pake asubuhi. Niliuona ukitoka."

"Umepikia watu!" akafoka, sasa kwa Kiswahili. "Umepikiwa nini hapo?"

Jirani akajibu yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa. "Ni maharagwe na chai, mzee. Nyama sijaweka hata kidogo. Mimi nimekaa na hawa watu, najua hawakulangi."

"Moto ukishaguswa na..." Mwenyekiti alirudia Kigujarati, akaishia hapo.

"Na nani?" nikamuuliza. "Malizia, baba mkubwa. Ukishaguswa na nani?"

Hakumalizia. Nadhani hata wasiojua Kigujarati walikuwa wanalisubiri neno lile.

"Diwali nyumbani kwako," nikasema, "unawasha taa ngapi kutoka kwa moja? Ukifika ile ya mwisho kule ngazini, unasema hii ni mwali mwingine? Unasema hii imechafuka kwa kupita njiani? Kama mwali ukigawiwa unageuka, basi yote tuliyofundishwa ni uongo, na tufunge hekalu pale tuuze misumari."

Mtu mmoja wa Embu alikohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Mwenyekiti akawa mwekundu masikioni.

"Haya, tuseme moto ni ule ule," akasema. "Mwanamke habebi chungu. Hilo halibadiliki."

Ndipo nikapandisha sauti, na sijutii. "Mwanamke amewasha taa ya nyumba hii kila jioni tangu yuko darasa la pili! Alipokuwa na homa aliwasha. Mlipokuja hapa kula sikukuu, taa mliyoisujudia aliiwasha yeye. Miungu wakapokea, na nyinyi mkapokea, mkanawisha nyuso zenu kwa joto la mwali wake. Leo ndiyo mmegundua kuwa ni mwanamke?"

"Ukibeba wewe," akasema polepole, "sisi hatutalibeba jeneza."

Akarudi nyuma hatua, na wanaume wengine wakarudi naye, mmoja mmoja, wakitazama chini. Hapo niliogopa. Kelele zote zile, na baba bado alikuwa ndani, na mimi peke yangu sikuweza kumnyanyua. Nilishika chungu kwa matambara, joto lilikuwa limeanza kupenya, na kwa muda niliona kabisa nitakavyoshindwa: nitasimama pale na makaa yangu mpaka yawe majivu, kisha watanipokonya baba yangu kwa upole.

Jirani alinyanyua sufuria ya maharagwe akaiweka chini. Akajifuta mikono kwenye leso, akawageukia wabeba mizigo wa Gakoromone waliokuwa wameegemea ukuta. Wanaume wale walikuwa wamekuja kutoa pole.

"Nyinyi mnangoja nini? Ingieni mtoe mzee."

Wakatazamana. Mmoja, jitu la mikokoteni, akakuna kichwa. "Mama, mimi kuzika nitazika. Lakini hii mambo ya kuchoma mtu..."

"Wewe umeambiwa uchome? Kuchoma ni ya mwari. Wewe ni kubeba. Mama yako alipokufa, nani alileta turubai? Nani alikesha na wewe kule ua kwenu, akikohoa na baridi?"

"Ni mzee."

"Basi."

Jitu likaingia ndani, na wenzake wawili wakalifuata, wakamlaza baba kwenye jeneza. Jeneza letu ni la mianzi, lina ncha nne. Ncha tatu zikapata mabega, ya nne ikabaki inaning'inia, baba ameinama upande. Nikafungua mdomo nimwite mtu yeyote, hata mhubiri. Kabla sijaita, mpwa wa mwenyekiti, yule wa benki aliyevaa nguo nyeupe za mfiwa, akavua viatu vyake mlangoni, akaingiza bega chini ya mwanzi. Mjomba wake alimwita kwa sauti. Hakugeuka.

Nikatangulia mbele na chungu. Kibanda cha kuchomea maiti cha jamaa yetu kiko chini kando ya mto, na njia inapita pembeni mwa soko. Watu waliacha kuuza. Wengine walivua kofia, wengine walijishika mdomo, na wako waliosema waliyoyasema. Nilisikia "wanakwenda kumchoma kama takataka," nikasimama, nikamtazama aliyesema mpaka akainamia nyanya zake. Jirani alitembea nyuma yangu kidogo, akiimba wimbo wa kanisa lao kwa sauti ya chini, kwa sababu huo ndio aliokuwa nao. Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimwita kumuuliza kama ni kweli alishika moto wa mashetani. Aliwajibu kwamba moto huo uliivisha maharagwe, na kina mama wa kanisa waliyala na hakuna aliyeota pembe. Walimsimamisha uongozi mwezi mzima. Akasema potelea mbali, atapata muda wa kupalilia.

Nilipogeuka pale kwenye mteremko, niliona wanaume wetu wanakuja. Walikuwa mbali, lakini walikuwa wanakuja, na wawili walikimbia kuwapokea wabebaji mabega. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, akitembea na fimbo.

Kuni zilikuwa zimekwisha kupangwa. Kuhani aliniona na chungu, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama mto. Basi kuhani akakunjua shali yake, akaniambia nizunguke upande gani, akaanza kusoma. Nikazunguka. Nikamwaga samli. Nikawasha kijiti kwa kaa la mkima lililotoka kwenye mafiga ya Mmeru, lililotoka kwenye gunzi, lililotoka kichwani pa baba, na nikamwasha baba yangu.

Sitasema ilikuwa rahisi. Mwali ulishika samli, ukapanda moja kwa moja, nami nikasikia joto usoni, nikainua mikono bila kufikiri, nikalipokea joto lile nikajipaka machoni, kama nilivyofanya kila jioni ya maisha yangu. Nikaona mtu mwingine anafanya vile vile, kisha mwingine. Hata lile jitu la mikokoteni liliinua mikono, ingawa nadhani lenyewe lilikuwa linajikinga moshi.

Moto ulipokwisha kushika sawasawa, wanaume walishuka mtoni kuoga, kama ilivyo desturi. Mwenyekiti hakushuka. Alikuja akasimama karibu nami, macho kwenye moto. Nilijua anakuja kunigombeza, na maneno nilikuwa nayo bado, mengi tu, nimeyapanga.

"Wanangu wote wawili wako Kanada," akasema.

"Najua, baba mkubwa."

"Hawatakuja. Mkubwa aliniambia mwenyewe kwenye simu. Kazi, nauli, theluji, sijui nini." Akavuta pumzi. "Siku yangu ikifika, utakuja wewe? Unishikie chungu?"

Maneno niliyoyapanga nikayaacha. Alikuwa mzee tu, ana majivu kwenye kola, na alikuwa anaogopa.

"Una binti pale Embu," nikamwambia. "Kila Jumamosi anapanda kuja kukupikia na kukuwashia taa. Mji mzima unamwona."

"Yeye ni binti," akasema upesi, kwa mazoea. Kisha akasikia alichosema.

Moto ulikuwa unanguruma, na kule chini wanaume walikuwa wanaitana majini.

"Chungu ni chake," nikasema. "Mimi nitakuja kubeba jeneza."